Ekran Nyeusi Inasema Mulimani Hakuna Mutu

Pale Nguba, kando ya barabara, kuko benchi moja ya mbao mbele ya ligablo, kale kaduka ka Maman Pascaline, na sheria yake kila mutu anaijua: mwenye kusimama wa kwanza, ameshindwa mabishano. Njo maana watu wanaikala pale mpaka makalio inakufa ganzi. Asubui hiyo Firmin alikuwa katikati, kikombe mukononi, roho inamuchemka. Yeye anachora karte mu ordinatere, na benchi inamuita Ekran Nyeusi, juu anaandika amri zake mu dirisha nyeusi yenye maneno tu, na souris, ile panya ya ordinatere, hataki ata kuigusa. Kulia kwake alikuwa Emérence, mwenzake wa kazi, ambaye jina lake la benchi ni Souris, maana yeye anabofya kila kitu. Kushoto, Papa Stanislas, dereva wa zamani wa njia ya Kamanyola, ndiye Satelite, juu kila kitu anakielezea na satelite. Karte ya Firmin na Emérence ilikuwa imebandikwa tangu jana ku ukuta wa biro ya komite ya maji, na saa nane ya leo komite ingechagua mahali pa kuweka robine mupya.

— Firmin, umeangalia karte yetu? Emérence akaanza. Avenue Mwangaza, kule mulimani, iko nyeupe. Nyumba ata moja!

— Njo vile data inasema.

— Data gani? Mimi nilichora ya chini, wewe ya mulima. Ya chini imejaa, ya mulima iko tupu!

— Nilitoa amri, ekran haikulalamika. Ikinyamaza, imekubali. Siku zote ninatumika vile, na sitabadilisha leo juu ya mutu wa kubofya!

Maman Pascaline akamuongezea kahawa. Ilikuwa ya Mudaka, nzito, na Firmin akaigugumia kwa hasira mpaka ikamuunguza ulimi.

— Muache kugombana, Papa Stanislas akaingia. Ile ni mawingu. Satelite ilipita saa ya ukungu, ikaona nyeupe, ikaandika nyeupe.

— Papa, nyumba ziko mu data. Tuliziingiza sisi wenyewe!

— Basi ni mabati. Bati mupya inaangaza, satelite inafunga macho. Mimi kule Kamanyola nilishaona ndege inageuza njia juu ya bati moja tu.

— Ndege ya nani, papa?

— Ya wenyewe! Na tena musikie. Ziwa yetu iko na gaz chini, si ni kweli? Satelite ikipita juu yake inavuta ile gaz, inalewa. Sasa mulevi atahesabu nyumba namna gani?

Maman Pascaline akacheka mpaka akashika mulango. Firmin hakucheka. Emérence naye alikuwa anamuangalia usoni, na hiyo Firmin hakuipenda hata kidogo.

— Ile masharti ya kuchagua nyumba, uliyaandika namna gani?

— Nilikopi yako, vile iko mu programu yako ya kubofya.

— Yangu iko na giyeme mbili, zile alama za kufungia neno, ku jina la kolone, na moja moja ku jina la mahali.

— Mu ekran nyeusi, masharti yote inafungwa na giyeme mbili inje. Ningeacha zako ndani, zingekata amri katikati. Nikaweka moja moja pote. Ikapita bila shida!

Emérence akashika kichwa.

— Nyamuzinda, Mungu wangu! Firmin, kwa hiyo ordinatere haikufungua kolone ya majina ya avenue! Ilichukua neno "avenue" lenyewe, ikauliza kama linafanana na neno "Mwangaza". Hayafanani. Ikauliza vile ku kila nyumba, ikakurudishia zero. Ilalamike nini? Ulichouliza, ilikijibu.

Firmin akajua palepale kwamba ni kweli, na aibu ikamupanda mpaka masikioni. Lakini kusimama? Ajamais.

— Basi kosa iko ya programu yako! Tungeandika yote mu ekran nyeusi, singekopi kitu!

— Na ungebofya, ungeona nyumba zinapotea mbele ya macho yako!

— Sibofye! Ata munifunge!

— Ile souris mupatie paka, Papa Stanislas akasema, tupate amani.

Hapo mwanamuke mumoja akasimama mbele yao, anatoka ziwani, bidon ya manjano mugongoni, mukanda ku paji la uso. Alikuwa Maman Lucie, wa kule juu.

— Batoto, nimepita ku biro ya komite, nimeona karte. Nyumba yangu siioni. Si ile pale?

Akaonyesha mulima kwa kidole. Bati yenye kutu, nguo zimeanikwa, moshi wa jiko. Hakukuwa ata kawingu kamoja.

— Sasa sisi tunaikala wapi?

Papa Stanislas akafungua kinywa, akakifunga. Emérence akaangalia ndani ya kikombe. Firmin akainua macho. Kila asubui anakunywa kahawa akielekea ule mulima, na siku ya kuchora hakuuangalia.

— Munanyamaza, Maman Lucie akasema. Kwa hiyo munakubali kwamba hatuko?

Firmin akasimama.

— Hapana, maman. Sikubali! Leta ile bidon, nakubebea. Tunapita ku biro kwanza. Ile karte naiondoa ku ukuta na mikono yangu, wakitaka wanifukuze.

— Komite walishasema ikibandikwa haigeuke, Emérence akasema, lakini naye alikuwa amesimama, ordinatere kwapani.

— Waseme tena maman akiwa mbele yao. Wamuambie macho kwa macho kwamba hayuko!

— Na mutarekebisha na nini? Papa Stanislas akawaitia nyuma. Ekran nyeusi ao souris?

— Na chochote, papa! Ata na makaa!

Wakavuka barabara, Firmin ameinama chini ya bidon, maji inamumwangikia mu shingo. Papa Stanislas akabaki peke yake ku benchi, mushindi. Akanyoosha kikombe.

Maman Pascaline alikuwa anafunga mulango wa ligablo, awafuate.

— Kahawa imeisha, papa. Na wewe simama.