Bakuli la Icie Gandee na Maisha ya Wakili Verlin Hosey

"Babu, bakuli hili la Bibi Icie mbona halirudi kwao?"

Nilimuuliza marehemu swali hilo mwaka 2010, juma lile tulilomzika mkewe, bibi yangu, nikiwa na miaka saba. Meza ya jikoni ilikuwa imejaa vyombo vya watu waliotuletea chakula cha msiba, kila kimoja na kipande cha utepe wa gundi chini kilichoandikwa jina la mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuvipindua na kusoma majina, na mama alitia kitu ndani, mayai au keki, maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Bakuli la Bibi Icie Gandee halikuwa mezani. Lilikuwa juu ya kabati, peke yake, la kahawia, na utepe wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Babu alilitazama, akasema, "Bado, Bi Maswali," akanipa kitambaa nikaushe vyombo.

Mama na Mjomba Emmett wameniomba niandike wasifu huu kwa sababu, wanasema, mimi ndiye niliyemchosha kwa maswali. Mchungaji amesema uwe mfupi. Nitajaribu.

Marehemu Verlin Orval Hosey alizaliwa tarehe 11 Machi 1944 kwenye shamba lililo chanzoni mwa Kijito cha Sorrel, nje kidogo ya Hackberry yetu hii, West Virginia. Alikuwa mtoto wa pekee wa Orval na Ottie Hosey. Baba yake alifanya kazi Kiwandani, kile cha kemikali, hadi alipostaafu, na marehemu alikua amevaa fulana ya besiboli yenye nembo ya Kiwanda, kama watoto wote wa hapa. "Kiwanda ndicho kilichoninunulia viatu," alikuwa akisema. "Nikikilaumu, jueni nimefikiri kwanza."

Alisoma shule ya chumba kimoja ya Sorrel, kisha sekondari ya Hackberry, akamaliza mwaka 1962. Wenzake walimwita Kobe, kwa sababu alizungumza polepole na hakuacha sentensi njiani. Alisomea sheria Morgantown, akahitimu mwaka 1969, na mwaka uliofuata akafungua ofisi juu ya duka la misumari na rangi. Kwa miaka karibu thelathini aliandika wosia na hati za mashamba na kupatanisha majirani waliogombania uzio. Nilimuuliza kama kazi hiyo haikumchosha. Akasema hiyo ndiyo kazi pekee ambayo haikuwahi kumchosha.

Tarehe 20 Juni 1970 alimwoa Zella Boggess, mpiga kinanda wa kanisa hili. Bibi alipenda kusimulia kwamba siku ya kwanza kumpikia, aliuunguza mkate wa mahindi hadi ukawa mweusi. Marehemu akaula wote, akajipangusa, akauliza, "Huu ndio mtindo wa akina Boggess?" Bibi akamwambia, "La, huu ni mtihani. Umefaulu." Mungu aliwajalia watoto wawili, Rhoda, ambaye ni mama yangu, na Emmett.

Jioni moja ya Aprili 1999, Bwana Doyle Gandee na mkewe Icie walikuja nyumbani kwake. Ng'ombe wao walikuwa wanakufa. Walikuwa wakinywa Kijito cha Sorrel, chini ya mahali Kiwanda kilipokuwa kinamwaga taka zake, na meno yao yalikuwa yamekuwa meusi. Bwana Doyle alikuwa amezunguka kwa mawakili wa mjini, wote wakamkwepa. Bibi Icie hakuja mikono mitupu. Alikuja na maharagwe yake ya mfupa wa nguruwe, katika bakuli la kahawia. Marehemu alikula, akajaza tena, akala, ndipo akasema kesi ataichukua.

"Nitakurudishia bakuli Jumapili," akamwambia Bibi Icie mlangoni.

"Usinirudishie Jumapili," Bibi Icie akamjibu. "Nirudishie siku ng'ombe wangu watakapokunywa kijitoni."

Wakacheka wote, bibi aliniambia. Walidhani ni jambo la mwaka mmoja au miwili.

Kila aliyekuwapo anajua miaka ile ilikuwaje. Tairi za gari la marehemu zilitobolewa. Wateja wa wosia walihamia kwa wakili mwingine. Mjomba Emmett alikuwa na kazi Kiwandani na mtoto mchanga nyumbani, akamwambia, "Baba, hukati mkate wa Kiwanda. Unakata wangu." Marehemu akamjibu, "Najua, mwanangu." Mjomba ameniruhusu niliandike hili.

Hata kwenye chakula cha pamoja cha kanisa, alipopita bibi au Bibi Icie na chombo chake, watu walisema wameshiba kabla hawajaanza. Na kesi iligeukia hapo, kwenye malalamiko ya chakula hicho. Bibi Icie alikuwa jikoni kwa bibi akifuta machozi, siyo ya ng'ombe, ya maharagwe.

"Wengine nawaelewa, wamekasirika juu ya kesi," alisema. "Lakini Burl Rader alianza kunikwepa kabla hata hatujafungua kesi. Burl! Huyo tangu utotoni alikuwa akilamba mwiko wangu. Nilimkosea nini?"

Marehemu alikuwa anasoma gazeti. Bibi alisema alilikunja polepole sana.

Bwana Burl alikuwa msimamizi wa zamu Kiwandani, na mwezi wa Oktoba 2002 alikuja mahakamani kuwa shahidi wa Kiwanda. Alishuhudia kwamba hakuna aliyejua kuna ubaya wowote majini hadi kesi ilipofunguliwa. Nimesoma kumbukumbu za mahakama za siku hiyo zaidi ya mara moja, na nayaandika yalivyo. Marehemu alisimama na kumuuliza kama anamfahamu Bi Icie Gandee.

"Ah, Verlin, we mwenyewe unajua. Tulibatizwa siku moja, na wewe ulikuwepo ukitetemeka."

Watu wakacheka. Jaji akamtaka shahidi ajibu swali tu.

"Maharagwe yake unayaonaje?"

Wakili wa Kiwanda akasimama, akapinga, akauliza maharagwe yanahusianaje na kesi. Jaji akamwambia, "Hata mimi sijui. Kaa tusikie."

"Hakuna mazuri kama yale kaunti hii," Bwana Burl akasema.

"Mara ya mwisho uliyala lini?"

Ilimbidi marehemu arudie swali lile lile, kwa mwendo ule ule wa kobe.

"Kiangazi cha tisini na sita."

"Aliacha kuyaleta?"

"Hapana."

"Mligombana?"

"Sijawahi kugombana na Icie."

"Basi kwa nini, Burl?"

"Aliyapika kwa maji ya kisima chake."

Kiangazi cha mwaka 1996, ng'ombe wa akina Gandee walikuwa wazima. Akina Gandee wenyewe hawakujua lolote. Marehemu alimuuliza yeye alijuaje, na Bwana Burl akasema waliambiwa kazini wasinywe maji ya upande ule wa kijito, na pia wasiwatie watu hofu. Alisema ana watoto wanne. Kisha akasema, "Icie, nisamehe," na jaji akaamuru hayo yasiandikwe, lakini yaliandikwa.

Watu husimulia habari hii kana kwamba iliishia hapo, watu wakapiga makofi. Mimi pia nilidhani hivyo, nikamuuliza marehemu alijisikiaje. Akaniambia kwamba aligeuka kumtazama Bibi Icie, akamkuta anawahesabu watu waliojaa mahakamani kwa macho. Nje, kwenye ngazi, Bibi Icie alimwambia, "Verlin, nimewalisha watu wote hawa kwa maji yale." Tangu siku ile hajaleta chakula kanisani.

Kiwanda kilishindwa, kikakata rufaa, kikashindwa tena. Bomba la maji safi lililetwa kutoka juu ya mto. Bwana Doyle alifariki mwaka 2005, kabla bomba halijafika kwake. Kijito cha Sorrel kilizungushiwa uzio, na uzio huo upo hadi leo. Nilimuuliza marehemu kitasafishika lini. Alisema dawa ile Kiwanda ilichoimwaga majini haiozi wala haikauki, na kwamba imo ndani yake, na ndani ya mama, na ndani yangu. Nilitaka kujua kama aliogopa. Alisema uchovu ulikuwa umeijaza nafasi yote ya hofu.

Marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya figo mwezi wa Machi 2018. Madaktari hawakusema imetoka wapi, naye hakuwauliza. Alitibiwa Charleston hadi aliposema, "Inatosha, nataka kitanda changu." Mjomba Emmett alihamia kwake, akamwogesha na kumnyoa, na nimewasikia mara nyingi wakibishana habari za besiboli. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 2019, akiwa na miaka sabini na mitano.

Alitanguliwa na mkewe, Zella. Ameacha mwana, Emmett, na mkewe Glenna, binti, Rhoda, na wajukuu watatu, Wade, Tessa, nami Corrie. Ameacha pia watu wa Sorrel, waliokuwa wakimpungia mkono na wale waliokuwa hawampungii. Miongoni mwa watakaobeba jeneza lake leo ni Bwana Burl Rader, aliyekuja mwenyewe kuomba. Mungu amlaze mahali ambapo hakuna rufaa, na usingizi wake usikatizwe.

Bado kuna jambo moja. Bibi Icie, bakuli lako ni lile pale mbele, kando ya maua. Hatukulisahau. Mwezi uliopita, siku moja alipokuwa na nguvu ya kukaa, nililishusha kutoka kabatini, nikaliweka kitandani, nikamuuliza swali langu la zamani, mbona halirudi kwao. Alilipindua, akasoma jina lako.

"Lilikuwa linangoja ng'ombe," alisema. "Ng'ombe hawatakunywa tena pale, Bi Maswali. Mrudishie tupu. Mwambie nimetafuta miaka yote cha kutia ndani, sikukipata. Na mwambie maharagwe yalikuwa matamu, nilijaza mara mbili."