Farasi wa Shaba Chini ya Mihogo

Bwana Burugumesta, mkuu wa komini yetu ya Mikelenge, Bwana Mukaguzi wa masomo, mapadri na masheikh, wazazi, wanafunzi mliosimama juani, na wewe Mama Bernadette Onema, mwenye siku hii: nawasalimu nyote.

Mimi Mardochée, prefe, yaani mkuu wa shule hii, nimepewa kazi ya kumuaga mama aliyetunza maktaba yetu kwa miaka thelathini na miwili. Tazameni huyu mpanda farasi wa shaba hapa mezani. Wazungu wa migodi ya bati ya Kalima ndio waliomwacha kwetu. Siku ya kwanza Mama Bernadette alipomfuta vumbi, hakuwa amewahi kuona farasi. Aliniuliza kwa nini mishipa ya mnyama imevimba hivi, na bwana aliyempanda uso wake umetulia. Nilimjibu kwamba ni kazi ya mafundi wa Italia wa miaka mia tano iliyopita. Nilijibu kwa sauti kubwa, maana sikujua.

Vita ikafika hapa kwetu Kindu. Wenye bunduki walikusanya shaba yote, nyaya, kengele, hata sufuria, na wachuuzi wakaibadilisha kwa chumvi. Asubuhi moja nikakuta farasi hayupo. Ufunguo alikuwa nao Mama peke yake. Nikamwita hapa uani mbele ya walimu wenzangu, nikamuuliza. Alisema hajui. Nikamwita mwizi.

Ndugu zangu, mtaa mzima ulijua kwamba nyumbani kwake walikuwa wakila sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Je, mwizi gani wa shaba hukosa chumvi chunguni? Mimi, mwalimu wa historia, sikujiuliza swali hilo. Miaka minne alikuja kazini kila siku, akafagia, akapanga vitabu, na jina lile mgongoni. Hata mume wake, marehemu Paul, Mama hakumwambia lolote.

Amani iliporudi, alikuja ofisini na jembe, akaniomba tuende shambani kwake. Alichimba katikati ya mihogo. Farasi akatoka, amepakwa mawese na kufungwa kitenge, mguu wake wa mbele bado umeinuliwa. Nikamuuliza kwa nini alinificha jambo hili.

Akasema, "Prefe, ungejua, ungeogopa. Na mutu mwenye woga, macho yake inasema."

Mwaka jana alitutembelea Madame Claire, mtaalamu wa sanamu kutoka Kinshasa. Alimgeuza farasi, akatuonyesha maandishi tumboni: alitengenezwa mwaka 1937, kwa kuiga kazi za Waitalia wale wa kale. Baadhi yenu mlicheka, mkasema mama aliteseka bure kwa ajili ya kitu cha kuiga. Mama mwenyewe hakucheka. Alisogea karibu, akauliza, "Na huyu aliyeiga, mikono yake nayo njo ya uongo?"

Madame Claire akatuambia kwamba hata Waitalia wale walijifunza kwa kutazama sanamu za watu waliowatangulia. Tukaketi mpaka saa kumi, tukiuliza. Shaba ya namna hii huchanganywa na bati. Je, bati yake ilichimbwa Kalima, na mikono ya babu zetu? Ilivuka bahari, ikarudi na umbo la mnyama tusiyemfuga? Madame Claire hakujua. Mimi pia sijui, na napenda kutojua kwa namna hii. Wanafunzi, hilo ni lenu la kutafuta.

Mama Bernadette, kule shambani nilikuomba radhi, tukiwa wawili tu. Lakini neno lile nililitamka hapa uani, na watu walisikia. Leo watu wapo. Hukuiba. Mimi ndiye niliyekosa, na mbele ya hawa wote naomba unisamehe.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Naketi sasa, kwa sababu mama ameomba kusema, na siku ile sikumpa nafasi.