Mwanafunzi wa Ishirini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo namkumbuka mwalimu wa vitendo katika chuo cha matabibu na madaktari wa meno. Amefariki juzi asubuhi, nyumbani kwake, akiwa peke yake. Wanafunzi tulimwita Mama Ganzi.

Muhula mzima alitufundisha kwa vichwa vya plastiki vilivyofungwa kwenye viti. Ukianza kutoboa jino bila salamu, anakutoa nje. "Huyo mgonjwa, bwana! Mpe pole kwanza." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha ikafika siku ya sindano ya ganzi. Siku hiyo hakuna plastiki. Mnakaa wawili wawili, mnachomana. Na sisi tulikuwa ishirini na mmoja. Kila mwaka darasa lake lilikuwa na watu ishirini na mmoja, wasikilizaji. Lazima mmoja akose mwenzake. Mwaka ule nilikosa mimi.

Mama Ganzi akavua miwani, akakaa kitini. "Haya, mwanangu. Mwenzako ni mimi."

Nilimshika shavu kwa mkono wa kushoto. Kwa wa kulia nikaelekeza sindano kwenye ufizi, nikasita, nikaielekeza tena. Alinisubiri. Nilipochomoa sindano, nikauondoa mkono shavuni mbiombio.

"Usiuondoe upesi hivyo," akasema, mdomo umeanza kumlemea. "Mgonjwa anataka kujua bado upo."

Nikaandika maneno hayo daftarini, nikidhani ni somo tu.

Meno yalinishinda, nikaja huku redioni. Yeye akastaafu. Mara tatu alipiga simu hapa studio kunialika chai. Mara tatu nikamwambia, "Nakuja, Mwalimu." Sikwenda.

Jana nimezungumza na mdogo wake. Akaniambia, "Ile idadi ya watu ishirini na mmoja aliiomba dada mwenyewe, kila mwaka. Alifiwa na mume mapema, mtoto hana. Nilipomuuliza anachomwa sindano za nini, akanijibu, 'Mdogo wangu, hiyo ndiyo siku pekee kwa mwaka mtu ananishika uso.'"

Nimeona aibu, na naiona mpaka sasa.

Dada yetu, mdogo wa marehemu, pole sana. Poleni wote mliopita darasani kwake. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu amekualika chai, zima redio uende. Mimi mkono wangu niliuondoa upesi mno.