Picha ya Gauni la Njano

Nje ya kibanda cha fundi cherehani, yule wanayemwita Sindano, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa wataalamu. Leo walikuwa wawili tu, na Sindano mwenyewe wa tatu, lakini kelele zao zilitosha mkutano wa hadhara. Sindano hakuigusa kahawa yake. Binti yake wa miaka kumi na mitano, mtoto aliyekuwa akiimba tangu anaamka, alikuwa amejifungia chumbani wiki ya pili sasa. Shule haendi, chakula anakidonoa tu. Baba mtu alikuwa amechoka kujikaza.

— Simu nimemnyang'anya, alisema. Nikadhani atachangamka. Wapi! Ndiyo kwanza amezidi.

— Umechelewa, alisema Betri, mtengeneza simu wa kibanda cha pili. Ule mwanga wa kioo unakausha ubongo. Mimi nashinda nao, najua.

— Mbona wewe hujakauka? aliuliza Sindano.

— Nani kakwambia?

Kamusi, karani mstaafu asiyekosa jibu, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Mwanga si kitu. Tatizo ni kidole gumba. Mshipa wake unakwenda moja kwa moja moyoni. Mtoto akisugua kioo kutwa, anausugua moyo. Lazima uchubuke!

— Lo! Umeyasoma wapi hayo?

— Kwenye simu.

— Nyie hamjui kitu, alisema Betri. Huko kwenye makao yao wenye mitandao kuna watu wanalipwa kupima machozi ya watoto. Wako akilia huku, kule kengele inagonga, wanamwongezea cha kumliza.

— Wanayapimaje?

— Kwa lita!

Sindano alicheka, kisha akajisikia vibaya kwa kucheka.

— Jamani, mwanangu anakwisha. Nifanyeje?

Kabla hawajamjibu, mama mmoja akasimama mbele yao na kitambaa mkononi.

— Hamjambo? Fundi ni nani hapa?

— Mimi, mama. Karibu.

— Nataka gauni kama hili.

Akawageuzia simu yake. Gauni lilikuwa la njano, na aliyelivaa ni binti wa Sindano. Baba ndiye aliyempiga picha hiyo, akaiweka mtandaoni kutangaza kazi yake. Wateja walikuja kweli. Lakini chini ya picha watu wakaandika maneno juu ya unene wa mtoto na miguu yake, na wanafunzi wenzake wakayasoma kwa sauti darasani. Sindano aliyajua yote hayo. Aliyaita upuuzi wa walimwengu, akaendelea kupokea vitambaa.

— Ila haya maneno, mh! alisema yule mama. Huyu mtoto wa nani?

— Wangu.

— Pole, baba. Sasa mbona picha bado ipo?

Sindano akatoa simu yake, akampa Betri.

— Ifute.

Ilipofutwa, Sindano akamwomba mama amsubiri, akashika njia ya nyumbani bila kufunga kibanda. Alibisha mlango wa chumba cha binti yake.

— Mwanangu, ni mimi. Ile picha nimeifuta.

Sauti ikatoka ndani, ndogo, imekauka.

— Baba, mimi nilikuomba uifute siku ile ile uliyoiweka.