Mabata Maji na Harusi ya Tramu

Benchi letu lipo mlango wa tatu wa jengo letu la ghorofa, upande wenye jua, na Aprili hii ya themanini na tano theluji imebaki pembeni tu, nyeusi kama masizi. Lina wenyewe. Kuna Antena, fundi televisheni mstaafu. Kuna Redio, mama wa ghorofa ya pili ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Na kuna Yefim, tunayemwita Tramu: aliendesha tramu, treni ya barabara za mjini, miaka thelathini, na mpaka leo akiondoka mahali hugeuka nyuma kuona kama abiria wameshuka wote. Mimi ndiye mwenye chupa ya chai, kwa hiyo nadharauliwa lakini sifukuzwi. Jumapili ile tuliteremka wote kwa pamoja, kwa sababu televisheni ilikuwa inaonyesha bale ya mabata maji, ile dansi ya jukwaani ya mtunzi wetu wa zamani. Kwetu mabata maji wakicheza mchana bila kutangazwa, mkubwa wa nchi amefariki. Imekuwa hivyo mara tatu.

— Nani safari hii? akauliza Redio.

— Huyu mpya, akasema Antena.

— Mpya ana mwezi mmoja tu kazini. Bado anatembea mwenyewe.

— Haba na haba hujaza kibaba.

Tramu aliinamisha kichwa.

— Jumamosi ni harusi yangu, akasema.

Tulijua. Mara tatu alikuwa amuoe Kapitolina, muuguzi mjane wa mlango wa tano, na mara tatu mabata walitangulia. Maombolezo, mpiga kodiani haji, Tramu anaahirisha, samaki wa chumvi tunawala sisi. Nilimwonea huruma sana, ingawa sikumwambia.

— Tusikurupuke, akasema Antena. Yule mtunzi aliacha kazi nyingi, na kila kazi ina cheo chake. Mabata ni mkuu wa nchi. Simfoni yake ya mwisho, ile inayozimika polepole, ni waziri. Fidla na okestra, jemadari.

— Na piano?

— Naibu. Ikianza kwa kishindo, naibu wa kwanza.

— Na ile yenye mizinga?

— Ile hafi mtu. Ile tulishinda vita.

— Na ile ya watoto, ya mwaka mpya, yenye kivunja lozi?

Antena alifikiri kidogo.

— Mkurugenzi wa kiwanda.

— Mimi nasema mtunzi alijua, akasema Redio. Aliwaandikia mapema, mmoja mmoja, kwa foleni.

— Amekufa miaka tisini iliyopita, nikamwambia.

— Ndiyo maana hajahojiwa. Dua la kuku halimpati mwewe.

— Wale ni mabata, mama.

— Basi ndiyo kabisa.

Tramu akasimama.

— Ngoja nikamwambie Kapitolina tuahirishe.

Hakuwa na haja ya kwenda. Kapitolina alikuwa anavuka uwanja na mfuko wa viazisukari vyekundu, vya supu ya harusi.

— Tuahirishe nini? akauliza.

— Kapa, mabata.

— Nimewaona. Nyinyi mmetazama mpaka mwisho?

Ukweli ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuuona mwisho wake. Huwa tunazima na kuteremka.

— Dansi imekwisha salama, akasema. Mtangazaji katabasamu, sasa wanaonyesha mpira wa magongo barafuni. Hajafa mtu.

Tramu alishusha pumzi.

— Ah. Basi Jumamosi ipo.

— Subiri kwanza, akasema Kapitolina akiweka mfuko chini. Mimi nina miaka sitini, Yefim. Nakuuliza mbele za watu: ni nani hasa huyo ambaye lazima awe hai ndipo unioe?

Antena akaangalia dirisha lake. Redio akavuta kitambaa chake cha kichwa mpaka masikioni. Mimi niliinamisha chupa nimmiminie yeyote, chai ilikuwa imekwisha.

Tramu akavua kofia.

— Wewe, akasema.

Akaubeba mfuko, wakavuka uwanja pamoja kuelekea mlango wa tano. Tulimwangalia mpaka akaingia. Hakugeuka nyuma.