Bi Thuraiya na Ukurasa wa Hodi

Ifikapo tarehe 31 Desemba 2023, Bi Thuraiya binti Nasor wa Madungu atakuwa ametimiza miaka kumi na mitano ya kuandika, bila ya ujira, mwongozo wa Kiswahili wa Bohari, ile programu huria ya kuhesabia mali iliyomo stoo. Siku hiyo anastaafu. Sisi wenziwe wa kundi la Bohari Pemba tumeandika hapa mambo yake machache ili wageni wa hafla hii ya kumuaga wajue biriani hii wanaila kwa heshima ya nani, na ili yeye mwenyewe, ambaye hajapata kuona haya kusifiwa, apate cha kusoma kwa sauti akirudi nyumbani.

Kwa wasioijua, Bohari haina mwenyewe. Wanaitengeneza watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na yeyote anaruhusiwa kuitumia bure, kuifungua na kuitia mkono. Kwetu Pemba inahesabu vitambaa madukani na dawa katika vituo vya afya.

Bi Thuraiya aliingia kwa hasira. Mwaka 2008 aliiweka Bohari katika duka lake la vitambaa pale Chake Chake, akaufungua mwongozo wa Kiingereza, akakuta ni amri tupu: bonyeza, chagua, futa. Akasema, ebo! Hata mama mkwe hakuamrishi namna hiyo kabla hajakusalimu. Wiki ile ile akaandika ukurasa wake wa kwanza wa Kiswahili, nao ulianza kwa Asalamu alaikum na kuuliza hali ya msomaji na watu wa nyumbani kwake. Kurasa zake zote zinaanza hivyo mpaka leo.

Kila ukurasa ulipita kwanza kwa mumewe, Mzee Maher, mtu wa mikarafuu, ambaye katika mambo ya kompyuta hakujua ndewe wala sikio. Bi Thuraiya alimkalisha mbele ya mashine, akampa ukurasa, akamkataza kuuliza. Siku moja ukurasa ulimwambia asubiri bila ya kumwambia asubiri nini. Mzee wa watu akasubiri mpaka adhana ya alasiri, wateja wamejaa dukani wanataka kupimiwa nguo. Ukurasa uliandikwa upya kabla ya magharibi, na Mzee Maher akalipwa kwa haluwa.

Mwaka wa uchaguzi wa 2010, mji mzima ulipokuwa ukibishana, benchi la duka lile lilikaliwa na watu wa vyama vyote. Bendera zilibaki nje. Ndani ulibishaniwa mwongozo tu, na wallahi kelele hazikupungua.

Sasa tuje kwenye ukurasa wa Hodi, maana mkila biriani bila ya kusikia habari zake mtakuwa mmedhulumiwa.

Bohari hutuma hesabu za dawa kutoka kituoni kwenda stoo kuu kwa mtandao. Mwaka 2016 Bi Thuraiya alieleza hivi: stoo kuu ikiwa haipatikani, programu hupiga hodi mara tatu, isipojibiwa hurudi zake, kisha huja tena wakati mwengine. Maelezo mazuri, yanaeleweka na kila aliyelelewa akaleleka. Ila hayakuwa kweli! Programu ilikuwa ikigonga na kugonga bila ya kikomo. Bi Thuraiya hakuijaribu hata mara moja, kwa sababu haikumpitikia kuwa kuna kitu duniani kinachopiga hodi mara ya nne.

Mwatum, muuguzi wa kituo kimoja cha Kiuyu, aliuamini ukurasa ule, akaiacha mashine ikituma maombi ya dawa, akaenda kuhudumia wazazi waliokuja kujifungua. Aliporudi bando lote la intaneti limekwisha na maombi hayajafika. Akaleta malalamiko. Usama wa Wawi, mtunga programu wetu, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwomba Bi Thuraiya afute sentensi ile, kazi ya dakika moja.

Bi Thuraiya akagoma. Akasema ukurasa hauna kosa, programu ndiyo haina adabu.

Hapo palikuwa pagumu. Kanuni ya mradi inasema mwongozo usiolingana na programu huondolewa toleo jipya likitoka. Mkuu wa mradi, bwana mmoja wa ng'ambo, alimwandikia kwa upole kuwa asiporekebisha, mwongozo wote wa Kiswahili utatolewa. Kazi ya miaka minane, jamani! Tulimkuta nyuma ya majora ya vitambaa analia, na bado anakataa. Sisi tulishapoteza matumaini.

Kumbe wasomaji wake walikuwa wakijipanga. Mwatum aliwaambia wauguzi wenziwe, wenye maduka nao wakasikia, na wote wakamwandikia mkuu wa mradi kushitaki kuwa programu inakwenda kinyume na kitabu chake. Wakaandika kama walivyofundishwa, salamu kwanza, hali ya nyumbani pili, shida mwisho. Mkuu wa mradi alizisoma barua hizo kwa kutafsiriwa na mashine, akadhani Pemba nzima imeamua kumjulia hali. Masikini, akamjibu kila mmoja kuwa mama yake hajambo. Alipofika kwenye shida zenyewe, aliamuru programu irekebishwe ifuate mwongozo.

Aliyeirekebisha ni yule yule Usama aliyecheka, amekalishwa kwenye benchi la duka na kahawa mkononi, Bi Thuraiya kamsimamia. Tangu siku hiyo Bohari hupiga hodi mara tatu ikaondoka, na mpangilio ule unaitwa hodi katika lugha zote. Wako watu huko kwenye theluji, hata urojo hawajauonja, wanaandika hodi!

Kustaafu nako alikupigia hodi. Mwaka 2020 aliomba kupumzika katika kundi letu la simu. Tukanyamaza kimya. Akarudi kazini ananung'unika. Mwaka jana akaomba tena, tukanyamaza tena. Mwaka huu akaja mara ya tatu, nasi tukala njama kwamba tusipojibu, kwa sheria yake mwenyewe atarudi zake kazini. Mimi ninayeandika haya ndiye ninayeachiwa mwongozo, na kwa hofu niliyokuwa nayo nilikuwa kinara wa kunyamaza.

Siku nzima kimya. Jioni Mwatum akaandika neno moja: Karibu.

Tulimjia juu, mbona hukuhimili, ndugu yetu? Akatujibu kuwa ukurasa ule unamhusu aliyekuta nyumba haina mtu, si mzee aliyesimamishwa mlangoni na watu wamo ndani wamejificha. Tukaona haya. Tukaandika Karibu mmoja baada ya mmoja, na wengine, nikiwemo mimi, tulilia.

Bi Thuraiya, ahsante kwa kutufundisha kuzisalimu hata mashine. Ingia upumzike, wewe na Mzee Maher. Mola akupe afya, furaha na umri wenye baraka. Nasi tukikwama tutakuja Madungu kupiga hodi mara tatu. Tafadhali, usijifiche.

Silima Ngwali, kwa niaba ya kundi la Bohari Pemba