Dkt. Mukai Muthama, Aliyeyawasha Maji ya Mowlem

Juni 2019 nilishuka kituo cha basi cha Muthurwa, Nairobi, nikitoka kazini Muscat, na kabla ya kufika nyumbani nikaelekezwa maabara ya dada yangu chuoni, mahali nisipowahi kukanyaga. Nilimkuta Mukai amezima taa, anamulika chupa kwa tochi ya mwanga wa zambarau. "Mutie, unaona wekundu wowote?" Sikuona. "Basi karibu nyumbani," akasema.

Dkt. Mukai Muthama alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 mtaani Mowlem, kifungua mimba wa marehemu Muthama Nzau, dereva wa lori, na Mama Kaluki. Alisoma shule ya msingi papo hapo mtaani, sekondari Machakos, na mwaka 2015 akapata shahada ya uzamivu ya kemia. Floridi iliyo katika maji ya kisima ilimtia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, hivyo alicheka ameziba mdomo kwa kiganja. Alipofunga ndoa na Patrobas Luseno, fundi mitambo, tarehe 3 Desemba 2011, kila picha ilitoka na kiganja hicho.

Kazi yake ilikuwa yuropiamu, madini yanayong'aa mekundu yakimulikwa, ila maji huuzima mwanga wake. Aliyajengea kizimba cha molekuli ili maji yasiyaguse. Tundu moja la kizimba hicho lilimshinda kuziba kwa miaka minne. Agosti hiyo ya 2019 akakosea chupa: badala ya maji safi ya maabara alimimina yale ya kunywa, aliyofungiwa na mama asubuhi. Sampuli ikawaka. Floridi ilikuwa imekaa kwenye tundu na kuyafukuza maji. Akapiga simu.

"Mama, maji haya umeyatoa wapi?"

"Kisima cha Musau. Kwani yamekuendesha tumbo?"

"Hapana. Yamenijibu."

"Haya, kula kwanza."

Sasa mwanga huo ungemwonyesha floridi ilipozidi, na tangu hapo aliazimia kupima kila kisima kinachonywesha watoto kutoka Mowlem hadi Umoja, vyote ishirini na vitatu.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Miguu ilipokataa, alinituma mimi, niliyekuwa nimerudi nyumbani, na chupa. "Suuza mara tatu, kwa maji ya kisima chenyewe. Si vile unavyosuuza vikombe." Maji ya kisima cha kumi na tisa, cha chekechea ya kanisa letu, yaliwaka kuliko yote. Patrobas alimshikia chupa kitandani. Mukai alicheka, mikono yote miwili ikiwa juu ya blanketi. Wiki hiyo hiyo chekechea ikaacha maji yale.

Alituaga tarehe 2 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Amewaacha Mama Kaluki, mumewe Patrobas, watoto wao Ndete na Nalianya, na mimi mdogo wake.

Kwa miaka ishirini mimi ndiye niliyekuwa naondoka, yeye akinisindikiza. Leo anaondoka yeye. Visima vinne vimebaki, nami sisafiri.

Lala kwa amani, dada. Nitasuuza mara tatu.